Kwa Nini Fomu Hukataa Kufungwa? Makosa ya Hifadhidata za Kompyuta na Namna ya Kuyatatua

Utangulizi

Kazi ya kukusanya msamiati haiishi pale mwanafunzi anapofunga daftari lake. Huishia kwenye kompyuta, maneno yanapoingizwa katika fomu, kupangwa katika jedwali na kuhifadhiwa ili wengine wayatumie. Makala haya yanahusu hatua ndogo mwishoni mwa kazi hiyo ambayo aghalabu hatuifikirii, yaani kufunga fomu na kufunga hifadhidata. Ni hatua ya sekunde chache tu, lakini ndipo kazi ya siku nzima inapoweza kupotea.

Sisi tulio Mbarara tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Upande mmoja tuna Makenke, penye kambi ya jeshi, ambako Kiswahili ni lugha ya kazi. Kiswahili cha wanajeshi wa Uganda kina historia inayorudi nyuma hadi King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, na maneno kama afande, kuruta na gwaride yametoka kambini yakaenea uraiani. Upande wa pili tuna Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo hukutana, na mara nyingi lugha inayowaunganisha sokoni na shuleni ni Kiswahili. Mtafiti wa lugha ana hazina mbili jirani. Mwanafunzi anayerudi kutoka Nakivale na maneno hamsini aliyopewa na mama mmoja kutoka Kivu hana hakika ya kumpata mama yule tena. Huenda amehamishwa, amerejea kwao au amekwenda nchi ya tatu. Rekodi ikipotea, hakuna wa kumuuliza.

Isitoshe, haja ya data za Kiswahili nchini Uganda imeongezeka. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukitumia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Orodha za msamiati, rejista za wanafunzi na hazina za maswali ya mitihani zitatengenezwa kwa wingi, na watakaozitengeneza ni walimu wa lugha ambao hawakusomea kompyuta. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Istilahi chache

Hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyoiita, ni faili lenye majedwali ya data. Jedwali lina rekodi, na kila rekodi ina nyuga. Katika hifadhidata ya msamiati, rekodi moja ni neno moja pamoja na maelezo yake. Nyuga zake zinaweza kuwa Neno, Aina, Ngeli, Maana, Mahali na Tarehe. Fomu ni dirisha ambalo kupitia kwake mtumiaji huona na kuingiza rekodi bila kuligusa jedwali lenyewe. Fomu ndogo ni fomu iliyowekwa ndani ya fomu nyingine, kwa mfano orodha ya mifano ya sentensi chini ya neno. Ulizo ni agizo la kuchagua rekodi fulani kutoka katika jedwali.

Mifano ya makala haya inatoka katika Microsoft Access, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992 na ambayo bado inapatikana katika ofisi na maabara nyingi za kompyuta. Mafaili yake ya zamani huishia na mdb. Tangu toleo la 2007 huishia na accdb. Kanuni zenyewe, hata hivyo, zinafanana katika programu nyingine za aina hii.

Nini hutokea fomu inapofungwa?

Wengi hudhani kwamba wanachokiandika katika fomu huingia katika jedwali papo hapo. Sivyo. Unapoanza kuandika katika rekodi, mabadiliko hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda. Alama ya penseli huonekana pembeni mwa rekodi kuashiria kwamba imeguswa lakini haijahifadhiwa. Rekodi ya namna hii watengenezaji wa programu huiita chafu. Husafishika, yaani huhifadhiwa, unapohamia rekodi nyingine, unapoingia katika fomu ndogo, unapobonyeza Shift na Enter kwa pamoja, au unapoifunga fomu.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Kufunga fomu ni vitendo viwili: kwanza programu hujaribu kuhifadhi rekodi iliyo chafu, kisha huifunga fomu. Makosa mengi yanayoonekana wakati wa kufunga kwa hakika ni makosa ya kuhifadhi. Fomu haikukataa kufungwa. Ilikataa kupeleka katika jedwali kitu ambacho jedwali halikipokei.

Vitendo hivyo hufuata mpangilio maalumu. Tukio la kwanza ni Before Update, linalotangulia kuhifadhi. Likipita salama, rekodi huhifadhiwa na After Update hufuata. Baadaye huja Unload, fomu inapoanza kuondolewa, na mwishowe Close. Tukio la Unload linaweza kusimamishwa. La Close haliwezi. Kwa hiyo ukaguzi wa data unapaswa kuwekwa katika Before Update. Anayeuweka katika Close ni kama askari anayemkagua abiria baada ya basi kuondoka.

Kuhifadhi kukishindikana, mtumiaji aliyefunga kwa alama ya msalaba huona ujumbe wa kwanza unaoeleza sababu, kisha wa pili unaomwambia kwamba rekodi haiwezi kuhifadhiwa kwa sasa na kumuuliza iwapo anataka kufunga hata hivyo. Akijibu ndiyo, fomu hufungwa na alichokiandika hupotea. Akijibu hapana, hurudi katika fomu na kurekebisha. Mwanafunzi aliyechoka, saa kumi na moja jioni, hujibu ndiyo.

Makosa yanayotupata walimu wa Kiswahili

1. Uga wa lazima ulioachwa wazi

Tuseme aliyeunda jedwali ameamua kwamba uga wa Ngeli ni wa lazima. Nomino zote zitapita. Likija neno la kwanza ambalo ni kitenzi, kielezi au kihisishi, fomu itagoma, kwa kuwa maneno hayo hayana ngeli. Mtumiaji ana njia mbili: kuiacha rekodi ipotee au kuandika uongo. Wengi huandika A-WA ili waende zao, na miezi sita baadaye msimamizi wa utafiti hujiuliza vipi "haraka" imeingia katika ngeli ya watu na wanyama.

Dawa yake ni kuondoa ulazima katika jedwali, kisha kuweka katika Before Update ya fomu sharti linalolingana na sarufi: kama Aina ni nomino na Ngeli ni tupu, simamisha uhifadhi na mweleze mtumiaji, kama Aina si nomino, pitisha.

Vivyo hivyo kwa orodha ya thamani zinazokubaliwa. Fomu iliyoundwa kwa Kiswahili sanifu peke yake itamkatalia mwanafunzi aliyesikia "batoto" kwa Mkongo wa Nakivale na kutaka kuandika kiambishi ba- katika uga wa wingi. Neno hilo ndilo alilotumwa kulitafuta. Ni kosa la fomu, na aliyeandika hana lawama.

2. Neno linalodaiwa kurudiwa

Ni jambo la kawaida kuuwekea uga wa Neno sharti la kutorudiwa ili wanafunzi wawili wasiingize neno moja mara mbili. Nia ni njema, lakini lugha ina homonimu. Mwanafunzi ameingiza "kaa", mnyama wa majini. Mwenzake anataka kuingiza "kaa" la moto, na wa tatu kitenzi "kaa". Fomu zao zitafungika kwa malalamiko. Hali ni hiyo hiyo kwa "paa" la nyumba, "paa" mnyama wa porini na "paa" kwa maana ya kwenda juu. Ikumbukwe pia kwamba Access haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika sharti hili. "Baba" na "baba" kwake ni neno moja.

Suluhisho tumelizoea katika kamusi: vidahizo vya homonimu hupewa nambari. Ongeza uga wa Nambari na uweke sharti la kutorudiwa juu ya nyuga mbili kwa pamoja, Neno na Nambari. Hapo "kaa" 1, "kaa" 2 na "kaa" 3 zitaishi kwa amani, na anayeingiza "kaa" 1 kwa mara ya pili atazuiwa.

3. Ritifaa ya ng'

Kosa hili huwatatiza sana watumiaji wa Kiswahili, na miongozo ya kigeni haina mifano yake katika lugha yetu. Fomu nyingi zina msimbo unaotafuta kama neno lipo tayari kabla ya kulihifadhi. Msimbo huo hulizungushia neno alama za ritifaa ili programu ijue linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwa "nyumba" hakuna tatizo. Kwa "ng'ombe", programu hukutana na ritifaa baada ya herufi mbili, ikadhani neno limekwisha, kisha ikashindwa kuelewa "ombe" ni kitu gani. Matokeo yake ni ujumbe wa kosa la sintaksia, nao hutokea wakati wa kuhifadhi, yaani mara nyingi wakati wa kufunga. Ng'oa, ng'ara, ng'amua na king'ora yote hugonga ukuta huo.

Tiba ni kuirudufu ritifaa kabla ya kutafuta. Sharti la utafutaji liandikwe hivi:

"Neno = '" & Replace(Nz(Me.Neno, ""), "'", "''") & "'"

Sehemu ya Replace hubadilisha kila ritifaa moja kuwa mbili, nayo programu huzisoma mbili hizo kama ritifaa halisi iliyo ndani ya neno. Sehemu ya Nz hulinda dhidi ya uga mtupu, ambao nao husababisha kosa lake.

Jambo jingine la kuangaliwa ni umbo la ritifaa yenyewe. Maneno yaliyonakiliwa kutoka katika programu ya kuandikia hati mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, ilhali yanayopigwa moja kwa moja katika fomu huwa na iliyonyooka. Kwa macho ni neno moja. Kwa kompyuta ni mawili. Idara ichague umbo moja na kulishika.

4. Fomu inayojichafua yenyewe

Mwalimu anafungua fomu ili atazame tu. Haandiki chochote. Anapofunga, anaambiwa uga wa Neno hauwezi kuachwa wazi. Anashangaa: nimegusa nini?

Aliyegusa ni msimbo. Baadhi ya watengenezaji huweka katika tukio la Current agizo la kuandika tarehe ya leo au jina la mwingizaji kila rekodi mpya inapoonekana. Agizo hilo huichafua rekodi kabla ya mtumiaji kuandika herufi moja. Wakati wa kufunga, programu hujaribu kuhifadhi rekodi yenye tarehe peke yake, na jedwali hukataa. Badala ya msimbo, tarehe iwekwe kama thamani ya msingi ya uga, katika sifa ya Default Value. Thamani ya msingi huonekana katika fomu lakini haianzishi rekodi mpaka mtumiaji aandike kitu mwenyewe.

Kwa mtumiaji aliyenaswa katika hali hii, bonyeza kitufe cha Esc mara mbili. Mara ya kwanza hufuta mabadiliko ya uga, mara ya pili ya rekodi nzima. Penseli ikitoweka, funga bila hofu.

5. Kitufe kinachofunga kimyakimya

Makosa yaliyotangulia yana kelele, na kelele ni afadhali. Hatari kubwa zaidi haina ujumbe wowote. Fomu nyingi zina kitufe kilichoandikwa "Funga", chenye agizo la DoCmd.Close. Agizo hili lina tabia ambayo imewaliza wengi: rekodi iliyo chafu isipoweza kuhifadhiwa, fomu inaweza kufungwa bila kutoa onyo na rekodi ikapotea. Mtumiaji huondoka akiamini kazi yake imo ndani.

Wengine hujaribu kuzuia hilo kwa kuongeza neno acSaveYes katika agizo. Haisaidii. Neno hilo huhusu kuhifadhi muundo wa fomu, kama ukubwa wa visanduku na rangi zake, wala halihusu data. Njia sahihi ni kulazimisha uhifadhi kwanza, kisha kufunga:

If Me.Dirty Then Me.Dirty = False
DoCmd.Close acForm, Me.Name

Mstari wa kwanza husema: kama rekodi ni chafu, isafishe. Ikishindikana, msimbo husimama hapo hapo kwa ujumbe wa kosa, fomu hubaki wazi na mtumiaji hupata nafasi ya kurekebisha. Kama katika makala haya yote utachukua jambo moja tu, lichukue hili.

6. Kisanduku kinachodai thamani

Wakati mwingine, fomu inapofungwa, hutokea kisanduku kidogo kinachomtaka mtumiaji aandike thamani fulani, huku jina la fomu na la uga vikiwa vimetajwa ndani yake. Chanzo chake ni ulizo linalotegemea fomu iliyokwisha kufungwa. Hutokea hasa penye fomu ndogo. Fomu ndogo hufunguka kabla ya fomu kuu, na wakati wa kufunga huondolewa baada ya fomu kuu. Kwa hiyo upo muda mfupi ambapo fomu ndogo iko hai na mama yake hayupo. Ikiwa ulizo lake linamtegemea mama huyo, halina pa kuuliza, ndipo linamgeukia mtumiaji.

Kubonyeza Ghairi huondoa kisanduku kwa siku hiyo. Tiba ya kudumu ni kuondoa utegemezi ndani ya ulizo na kuziunganisha fomu mbili kwa sifa za Link Master Fields na Link Child Fields, ambazo ziliundwa kwa kazi hiyo.

7. Fomu isiyopatikana

Kosa la namba 2450 ni ndugu wa lililotangulia. Hapa ni msimbo wa tukio la Close unaojaribu kuigusa fomu nyingine, kwa mfano kuihuisha orodha ya maneno katika fomu ya kwanza. Ukifunga fomu moja moja, mambo huenda sawa. Ukifunga Access yote kwa mara moja, huenda fomu ya kwanza ikatangulia kufungwa, na ya pili ikaitafuta isiione. Msimbo uulize kwanza kama mwenzake yupo:

If CurrentProject.AllForms("fomuOrodha").IsLoaded Then Forms("fomuOrodha").Requery

Namba za kukumbuka

Ujumbe mwingi huja kwa Kiingereza, na msimbo ukisimama huonyesha namba. Zifuatazo ndizo zinazojitokeza mara kwa mara:

94: thamani tupu imetumika pasipotakiwa.
2169: rekodi haiwezi kuhifadhiwa kwa sasa.
2450: fomu inayotajwa haipatikani.
3022: thamani inarudia iliyokwisha kuwepo.
3075: sintaksia ya ulizo ina kosa, angalia ritifaa.
3201: rekodi inahitaji rekodi mama katika jedwali jingine, nayo haipo.
3314: uga wa lazima umeachwa wazi.

Si lazima ujumbe ubaki kwa Kiingereza. Kila fomu ina tukio la Error linalotuwezesha kuweka maneno yetu wenyewe:

Private Sub Form_Error(DataErr As Integer, Response As Integer)
Select Case DataErr
Case 3314
MsgBox "Kuna uga wa lazima haujajazwa. Jaza, kisha funga tena."
Response = acDataErrContinue
Case 3022
MsgBox "Neno hili limo tayari. Kama ni homonimu, badilisha Nambari."
Response = acDataErrContinue
End Select
End Sub

Hapa mwalimu wa lugha ana kazi ya kufanya ambayo mtaalamu wa kompyuta hawezi kuifanya vizuri kama yeye. Ujumbe mzuri unataja tatizo, unataja la kufanya na hautishi. "Kosa 3314" haimwambii kitu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Jaza uga wa Maana" inamwambia. Ujumbe wa 2169 uachwe kama ulivyo, kwa kuwa ndio unaompa mtumiaji nafasi ya kurudi.

Tafsiri ya programu kwa Kiswahili ina historia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows na Office. Hata hivyo, fomu za ndani ya idara hakuna atakayetutafsiria. Ni zetu.

Kosa linapokuwa katika faili

Yapo makosa yasiyotokana na fomu. Umeme ukikatika wakati rekodi inahifadhiwa, au flashi ikichomolewa kabla hifadhidata haijafungwa, faili lenyewe linaweza kuharibika. Dalili ni kwamba fomu zote, hata zile zilizokuwa zikifanya kazi jana, hutoa makosa yasiyoeleweka.

Unapofungua hifadhidata, Access hutengeneza faili dogo pembeni, lenye jina lile lile na mwisho wa ldb au laccdb. Ni kufuli linaloonyesha nani yumo ndani. Kwa kawaida hutoweka mtumiaji wa mwisho anapofunga. Likibaki, ama kuna mtu bado hajafunga katika kompyuta nyingine, ama programu ilikatika ghafla. Usilifute kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyemo.

Amri ya kubana na kukarabati faili husaidia mara nyingi, lakini tengeneza nakala kwanza. Chaguo la kubana kiotomatiki kila hifadhidata inapofungwa lina mvuto, lakini katika mazingira ya umeme usiotabirika na faili linaloshirikiwa, ni heri kubana kwa mkono, wakati wa utulivu na baada ya kunakili. Vilevile ni busara kuigawa hifadhidata katika mafaili mawili: moja la majedwali na jingine la fomu. Fomu zikiharibika, data hubaki salama.

Wanaotumia LibreOffice Base wazingatie kwamba katika muundo wake wa kawaida data zote huwekwa ndani ya faili moja la odb. Kuhifadhi rekodi katika fomu hakutoshi. Hifadhi na faili lenyewe, na uliache lifungwe kikamilifu kabla ya kuzima kompyuta.

Utaratibu wa kufuata

Ukikutana na kosa wakati wa kufunga, fanya yafuatayo kwa mpangilio:

Kwanza, usibonyeze chochote kabla ya kusoma. Nakili ujumbe na namba yake katika karatasi.
Pili, ukiulizwa kama ufunge hata hivyo, jibu hapana.
Tatu, tazama penseli. Ikiwepo, tatizo ni la kuhifadhi. Isipokuwepo, tatizo liko katika msimbo au ulizo.
Nne, kagua nyuga za lazima, maneno yaliyorudiwa na ritifaa.
Tano, jaribu kuhifadhi bila kufunga kwa Shift na Enter. Kosa likijirudia, umethibitisha chanzo chake.
Sita, ukishindwa, andika rekodi hiyo katika karatasi, kisha bonyeza Esc mara mbili na ufunge.
Saba, usilitupe daftari la nyanjani hadi uifungue hifadhidata upya na kuiona rekodi kwa macho yako.

Fomu na ukweli

Jambo la mwisho linapita ufundi. Fomu inayokataa kufungwa humlazimisha mtu kuandika kitu, na mtu aliyelazimishwa huandika chochote. Katika usajili wa watu sehemu nyingi duniani, asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari, kwa sababu uga wa tarehe hauvumilii utupu. Baada ya muda, tarehe hiyo huhama kutoka katika fomu na kuingia katika vyeti, na mtu huishi nayo. Kwa wakimbizi hili si jambo dogo. Mwaka 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR zilipowahakiki wakimbizi nchini kote, kilichoandikwa katika rekodi ndicho kilichokuwa kikilinganishwa na mtu aliyesimama mbele ya meza.

Nasi tunaposajili wanafunzi au watoa taarifa wa utafiti wetu tunakutana na jambo hilo hilo. Msomali wa Nakivale ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Uga wa lazima wa Jina la Ukoo haumhusu. Mzee asiyejua tarehe anaweza kuujua mwaka, au kujua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Fomu yenye adabu ina uga wa Mwaka, alama ya kuonyesha kwamba ni makadirio, na nafasi ya maelezo. Haimkatalii mtu kwa sababu maisha yake hayaingii katika visanduku vyetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba makosa mengi ya kufunga ni makosa ya kuhifadhi yaliyochelewa kuonekana. Kwamba baadhi yake huzaliwa na lugha yenyewe, kwa homonimu zake, ngeli zake na ritifaa yake. Na kwamba kosa la hatari kuliko yote ni lile lisilotoa ujumbe. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kuyatatua. Anahitaji kusoma ujumbe hadi mwisho na kuijua data yake, na hayo mawili ni kazi aliyokwisha kuisomea. Kabla ya kundi lijalo la wanafunzi kwenda Makenke na Nakivale, kila anayesimamia hifadhidata aifungue fomu yake, aandike "ng'ombe", aandike "kaa" mara mbili, aache uga mmoja wazi, kisha abonyeze kitufe cha Funga na kuona kinachotokea.